Matundu Matatu ya Tanki la Bibi Stefania

Ninyi vijana mnaofunga shawa siku hizi, mnanikuta nimekaa. Goti langu la kulia lilikataa ngazi mapema kuliko umri wangu, nikaacha kazi nikiwa bado na meno yote. Sikusomea chuo. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyoharibika, na kwa kukodolea macho karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, hata zile za lugha nisizozijua, maana mchoro hauhitaji mkalimani.

Nataka kusema juu ya shawa ya aina moja tu, ile ya mlalo. Ni kipande cha chuma kinachong'aa, kimelala ukutani kwa miguu miwili. Mguu wa kushoto hupokea maji ya moto, wa kulia maji ya baridi. Ncha moja ina kitasa cha kuongeza na kupunguza maji, ncha ya pili ina kitasa cha joto. Kutoka katikati hushuka mpira, halafu mpira huo hupanda hadi kwenye kichwa cha kunyunyizia, ambacho mwogaji aweza kukishika mkononi. Sasa mnaiona kila duka. Mimi niliiona kwanza miaka ya wakimbizi, katika nyumba walizopanga wageni wa mashirika pale mjini. Wageni walikuja na vitu vyao, wengine wakaondoka wakaviacha, na sisi mafundi wa Ujiji tukabaki tunavizunguka kama kuku aliyeona kioo.

Aliyenifungua macho ni Papa Ilunga, fundi bomba wa Kalemie. Alivuka ziwa vita vilipofika mtaani kwake. Wenzake wengi walikwenda kambini, lakini yeye alikuwa na shangazi Ujiji, na nani wa Ujiji asiye na ndugu ng'ambo? Akapata kibali cha kukaa kwa shangazi yake, akaja kuuliza kazi nilipokuwa nikichimba mtaro. Aliangalia bomba langu, akaangalia uso wangu, akasema, "Uko natumika mbio sana, mwana. Unaenda wapi nayo, ile mbio? Ukuta haina miguu."

Hilo la kufanya kazi mbio ndilo la kwanza ninalowapa. Miguu ya shawa ya mlalo haisogei. Nafasi kati yake imepangwa kiwandani, na ukuta ndio unaopaswa kutii. Fundi wa haraka hupima kwa futi, huchimba, hujengea elbo zake mbili, vile viungo vya kona, na plasta ikikauka anakuta moja imezama na nyingine imeinama kama jino bovu. Hapo huanza kulazimisha, na nati ya chuma laini haitaki kulazimishwa. Papa Ilunga alichukua kipande cha mbao ngumu, akatoboa matundu mawili kwa kufuata miguu ya shawa yenyewe. Akapitisha nipo mbili, vipande vifupi vya bomba, kwenye matundu, akazifunga kwenye elbo kwa nyuma, akaweka pimamaji juu ya mbao. Ikakaa sawa, ndipo akajaza saruji. Mbao ile ilibaki ukutani mpaka saruji iliposhika. Siku ya kuitoa, shawa iliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Tangu hapo sikuwahi kufunga shawa ya mlalo bila mbao, na mbao moja ilinifaa nyumba nyingi.

Mambo mengine aliyonifundisha ni madogo, lakini ndiyo yanayomrudisha au kumpoteza mteja. Kabla ya kufunga shawa, acha maji yatoke ukutani yaingie ndoo mpaka yawe safi, maana mchanga na nyuzi za katani tunazofungia viungo huziba vichujio vidogo vilivyo kwenye miguu. Spana ya meno usiipeleke kwenye chuma king'aacho bila kukiviringishia kitambaa. Na maji ya ziwa letu huacha ukoko mweupe. Kila baada ya muda fungua vichujio na ule mtungi mdogo wa ndani unaopima joto, uviloweke katika maji ya ndimu.

Mtungi huo niliufungua siku moja nikajionea. Una nta ndani. Maji yakizidi joto, nta huvimba na kusukuma kipini kinachobana njia ya maji ya moto. Yakipoa, nta husinyaa. Ni kitu cha akili sana. Lakini ukoko ukishika, kipini huwa kizito, na shawa inayopaswa kujifunga mara moja hujifunga kivivu. Kumbukeni hilo la uvivu, maana ndilo lililotufikisha kwenye nyumba ya Nesi Agnesi.

Nesi Agnesi alikuwa muuguzi wa hospitali, Muha wa kijiji cha Simbo. Mumewe, Bwana Elieza, alikuwa Mpare, afisa wa misitu aliyeletwa kwetu na kazi ya serikali. Walikaa Mwanga ya hapa mjini kwetu, siyo ile ya Upare, nyumba ya kupanda mlima kidogo. Mama yake Nesi, Bibi Stefania, alikuwa amehamishwa kutoka Simbo kuja kukaa nao kwa sababu ya kisukari. Ugonjwa ule ulikuwa umemwondolea hisi za miguu na vidole vya mikono. Kabla hatujafahamiana naye alikuwa ameshaungua unyayo kwa maji ya ndoo bila kujua. Aliona ngozi imebadilika rangi ndipo akajua. Kidonda kile kilichukua muda mrefu mno kupona, na daktari alimwambia Nesi waziwazi kwamba kingine kama hicho, mguu utakatwa.

Kwa hiyo Nesi alimwogesha mama yake mwenyewe. Lakini mnajua miaka ile ilivyokuwa. Mashua zilikuwa zinafika kila wakati na watu waliochoka, hospitali ilijaa hadi barazani, na muuguzi aliyeambiwa atatoka mchana alitoka atakapotoka. Bibi alikaa kitandani akimsubiri, na kanga yake begani. Juu ya hayo kulikuwa na jambo lisilosemwa. Ile ilikuwa nyumba ya mkwe. Bibi Stefania hakuweza kumpita Bwana Elieza uani akielekea kuoga. Akimsikia sebuleni, alirudi chumbani. Siku nyingine hakuoga kabisa. Mwishowe alimwambia binti yake, "Nirudisheni Simbo. Huko nitanuka peke yangu."

Simbo hakukuwa na mtu wa kumtazama miguu. Nesi alilijua hilo kuliko sisi sote.

Bwana Elieza alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa vitendo. Alijenga bafu dogo upande wa nyuma, karibu na chumba cha mkwewe, lenye mlango wake na njia yake. Alipata shawa ya mlalo kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama. Maji ya moto yangetoka kwenye pipa la chuma lililojengewa nje, linalochochewa kuni. Maji ya baridi aliyaleta kwa bomba jipya kutoka bomba kuu la barabarani moja kwa moja, bila kupita kwenye tanki la nyumba. Ndipo akatuita tufunge shawa.

Papa Ilunga aliliangalia bomba lile jipya akakuna kidevu. "Patron, kwa nini ya baridi inatoka njiani na ya moto inatoka ku tanki?"

"Mzee wangu," Bwana Elieza akasema, na sauti akaishusha ingawa mkwewe alikuwa ndani, "tanki lile naoga mimi. Siwezi kumwogesha mama mkwe maji ya tanki moja na mimi. Kwetu Upare haiwezekani, na hapa nimeuliza wazee, wakaniambia nimewaza vizuri. Yale ya pipa yanapita motoni kwanza, hayo nimeambiwa hayana neno. Lakini ya baridi awe na yake, mapya, ya kwanza kutoka barabarani."

"Wapare kwa kupenda kesi," Papa Ilunga akaninong'oneza, "hata maji ameipeleka mahakamani."

Tulicheka kidogo, tukafunga. Mbao yetu ilikuwa imefanya kazi yake, shawa ikakaa barabara. Nesi alitoka kazini akiwa bado na sare, akasimama mlangoni mwa bafu kuangalia. Niliweka kitasa cha joto mahali panapomfaa mgonjwa, nikafungua. Maji yakaja ya uvuguvugu mzuri. Nesi aliweka kiwiko chake chini ya maji, kama anavyopima maji ya mtoto mchanga, akatabasamu.

Tukiwa tumesimama hapo, maji ya barabarani yakakatika. Siyo ajabu. Mji ulikuwa umejaa watu mara mbili, na maji yalipelekwa kwa zamu, na zamu haikutangazwa. Upande wa kulia ukafa. Shawa ilipaswa kubana maji ya moto papo hapo, lakini mgeni aliyeitumia kabla yetu hakuwahi kuiloweka ndimu, nasi tulikuwa tumesafisha vichujio tu. Ilibana kivivu. Nesi alivuta kiwiko chake kwa kasi, akakishika kwa mkono wa pili. Ngozi ilikuwa imepata wekundu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nimeyasikia, nikatoa mkono. Mama huanza na miguu. Hukaa kwenye kigoda na kuielekeza miguuni, na hatasikia kitu."

"Tutasafisha mtungi, dada," nikamwambia. "Ukisafishwa utabana haraka."

"Na ukishika ukoko tena?"

Nikazungusha kitasa, nikafunga maji.

"Basi iondoeni," akasema. "Ndoo haikatiki maji katikati. Jumamosi nampeleka Simbo, naye mwenyewe ndiko anakotaka."

Alisema "mwenyewe ndiko anakotaka" kama mtu anayekubali hukumu. Papa Ilunga alikaa kwenye kizingiti cha bafu, akaokota kipande cha mkaa, akachora tanki sakafuni. Alikuwa mtu wa kuchora sakafuni. Yule hakuwa na hasira na shawa. Alikuwa anatafuta nani anakufa mbele, kwa maneno yake, yaani maji yapi yatakatika kwanza.

"Tazama," akasema. "Ya baridi ikikufa mbele, ile ya moto inabaki peke yake na mama. Hii ndiyo mbaya. Tunataka ya moto ikufe mbele, ya baridi ibaki. Hapo shawa ikuwe mvivu, ikuwe mlevi, mama anaoga baridi tu. Hatalia."

Nilielewa, na nitawaelezeni polepole, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Pipa lile la moto lilikuwa limefungwa juu. Maji ya tanki huingia kwa chini, na kwa kuingia huyasukuma yale ya moto yatoke kwa juu kwenda kwenye shawa. Kuna pia bomba la pumzi linalopanda juu kuliko tanki, ili mvuke usije ukapasua pipa. Pipa la namna hiyo halitoi maji kama halisukumwi. Tanki likiacha kulilisha, maji ya moto yanasimama humo humo ndani hata kama yanachemka. Sasa chukua tanki moja, ulitoboe matundu mawili ubavuni. Tundu la kulisha pipa liweke juu, tundu la maji ya baridi liweke chini yake. Maji yakipungua tankini, hufika kwanza chini ya tundu la juu. Pipa linakosa msukumo, ya moto yanakata. Ya baridi yanaendelea kutoka mpaka yaishe. Hakuna kinachohitaji kuvimba wala kusinyaa. Ni maji kushuka tu, na kushuka ndiyo kazi pekee ambayo maji hayajawahi kuisahau.

Lakini lazima litumike tanki moja, na uani kwa Bwana Elieza palikuwa na mnara mmoja na tanki moja, lile alilooga yeye.

Nesi alimwita mumewe. Alikuja akasimama mbali na mlango wa bafu, kwa adabu, ingawa mkwewe hakuwamo. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kila neno la maji, halafu akatikisa kichwa.

"Fundi Saidi, nimekuelewa. Lakini akijua kwamba anaoga maji niliyotangulia kuyaoga, hataingia humo. Atakwenda zake Simbo kwa miguu hiyohiyo. Wewe mwanamke wa Kiha humjui?"

"Nimeoa mmoja," nikasema.

"Basi unajua."

Kutoka dirishani mwa chumba cha nyuma ikatoka sauti. Bibi Stefania alikuwa amesikia yote. Hakumsemesha mkwewe. Alimsemesha binti yake, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima.

"Agnesi, mwana wanje, waulize hao mafundi. Maji yakiwa kidogo tankini, nani atayakosa kwanza?"

Tukaangaliana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Bwana Elieza akamjibu, naye akimpitishia mkewe. "Mwambie mama, akose yule mwenye nyumba. Yeye asikose."

"Muulize fundi kama tanki linaweza kulijua hilo."

Papa Ilunga alianza kucheka taratibu, tumbo likimtikisika. Akachora sakafuni tundu la tatu, juu ya yale mawili. "Linaweza, mama. Hii ya juu ni ya nyumba ya patron. Maji ikishuka, patron anakauka mbele. Halafu ya moto yako. Halafu ya baridi yako, ya mwisho kabisa. Patron hawezi kugusa maji yako hata akitaka. Tundu yake haifiki."

Kisha Bibi akakubali kwa Kiha, "Ego. Basi hilo siyo tanki lake. Ni langu, yeye ananiomba ya juu."

Bwana Elieza aliinamisha kichwa. Alikuwa anajizuia kucheka, maana mkwe hachekwi. "Mwambie mama namshukuru kwa maji anayonipa," akasema.

Kesho yake tulikwenda na gesi ya kuchomelea. Tulikata bomba la barabarani na kulipeleka juu kujaza tanki, tukatoboa matundu matatu, kila moja na koki yake ya kufungia. Nafasi kati ya tundu na tundu tuliiacha pana, upana wa viganja kadhaa, ili vijimawimbi vya tankini visiendelee kulilisha pipa maji yakishashuka. Mtungi wa nta tuliuloweka ndimu pamoja na hayo. Vijana, kinga moja isiwazuie kuweka ya pili. Papa Ilunga alikuwa amepitia Katonga asubuhi kununua samaki, migebuka, kwa ajili ya shangazi yake, akaitundika kwenye mti wa uzio. Kila tulipochomelea alishuka kuwafukuza paka.

Kisha tukajaribu, na kujaribu kwetu kulikuwa hivi. Pipa likachochewa mpaka likanguruma. Koki ya barabarani tukaifunga, kama zamu ya maji imepita. Kitasa cha joto nilikizungusha mpaka mwisho wa moto, makusudi, ili nta isitusaidie. Bwana Elieza akafungua bomba zote za nyumba yake. Nesi akasimama bafuni, kiwiko kile kile chini ya maji, na Bibi Stefania akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, amejifunga kanga, anasikiliza.

"Huku kumekauka," Bwana Elieza akapaza sauti kutoka jikoni.

Nesi hakutoa kiwiko. Maji yalikuwa ya moto wa kuvumilika, kwa kuwa hata kitasa kikifika mwisho wa moto, ya baridi kiasi huendelea kuchanganyika. Tukangoja. Nilimwona akikunja uso, halafu uso ukafunguka.

"Yanapoa," akasema. "Mama, yanapoa. Ya moto yamekata."

"Na ya baridi?"

"Yapo. Yanakuja tu."

Bibi aliuliza tena, na alitaka jibu kutoka kwa fundi, siyo kwa mtoto wake. Nikamwambia ni kweli. Aliuliza kama itakuwa hivyo hivyo mwezi ujao na mwaka ujao. Nikamwambia shawa inaweza kuharibika, lakini matundu ya tanki hayawezi kupanda wala kushuka. Alilifikiria hilo. Akaniambia, "Sawa, mwanangu. Tundu nalielewa."

Tukafungua maji ya barabarani, tanki likajaa, nikarudisha kitasa cha joto mahali pake na kukifunga kwa kipini chake kisizunguke kupita hapo. Bwana Elieza alichukua kofia akasema anakwenda kuonana na mtu barabarani. Hakuwa na mtu wa kuonana naye. Sisi tulikusanya spana zetu, Papa Ilunga akashusha migebuka yake.

Bibi Stefania aliingia bafuni na kigoda chake, akafunga mlango. Nesi Agnesi alibaki nje. Alisimama karibu kabisa, sikio mbaoni, na mkono tayari kwenye kitasa cha mlango. Tulisikia maji yakianza, yakinyamaza, yakianza tena. Mlango ule ulikuwa na upenyo kwa chini, kama milango yote tuliyokuwa tukifunga wakati ule.

"Agnesi," sauti ikatoka ndani, katikati ya maji. "Ondoka hapo. Naiona miguu yako."

Nesi akatuangalia sisi, kana kwamba tungemsaidia. Papa Ilunga akampa fungu moja la migebuka yake alishike. Akalishika kwa mikono miwili, akaenda nalo jikoni.